Mayai tepetepe tangu joto lianze: nimeongeza chokaa, nimeongeza DCP, na bado

MzeeWaTrei (mwenye uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Nina kuku wa mayai 400 na kidogo, Kigamboni, wale wa kahawia, wana wiki 54. Nafuga chini kwenye maranda. Hadi Novemba mambo yalikuwa shwari, nauza trei zangu bila kelele. Desemba joto lilipokaza, nikiingia bandani asubuhi naokota mayai yenye ganda kama karatasi, ukiyashika kidole kinazama. Mengine hayana ganda kabisa, ni utando tu umefunga kiini na ute, yametapakaa chini ya vichanja vya kulalia. Kwa siku napoteza kama trei moja na nusu. Muuza chipsi wangu siku hizi anayagonga moja moja kabla ya kulipa, kama mtu anayechagua nazi.

Chakula nachanganya mwenyewe: mahindi ya kuparaza, pumba, mashudu ya alizeti, soya, dagaa, chokaa ya unga, DCP (ule unga wa madini ya kalsiamu na fosforasi), primiksi (mchanganyiko wa vitamini na madini) na chumvi. Jirani akasema kalsiamu imepungua, nikaongeza chokaa. Wiki ikaisha, hola. Dukani wakasema ongeza DCP. Hela ikatoka, mayai yaleyale. Sasa hata kula wamepunguza. Zamani walimaliza kilo 48 kwa siku, sasa wakifika 38 nashukuru.

Kuna mtu anaielewa hii kitu kisayansi? "Jaribu hiki, jaribu kile" nimeshachoka nayo.

Kuchi_Mweusi

Nimevuta kigoda na kahawa yangu, nasubiri madini.

BosiWaPumba

Kalsiamu hiyo mkuu. Mwaga chokaa mpaka wakome. Watu mnapenda kuzungusha jambo dogo.

MamaVifaranga

Pole kaka. Mimi yalinikuta mwaka juzi na ilikuwa mdondo uliokuja kimyakimya, kuku walikuwa wamechanjwa kwa hiyo hawakufa, ila mayai yaliharibika mwezi mzima. Chanjo yako ya mwisho lini? Na chunguza kama wanakoroma usiku.

BwanaFirigisi

Mzee, kabla hatujakwambia chochote jibu kwanza haya. Mayai yenye ganda yakoje, yamekunjamana kama kitambaa kisichopigwa pasi, na ute wake ni majimaji? Idadi ya mayai ilianguka ghafla au ni ubora wa ganda tu? Umewapa dawa yoyote miezi hii miwili? Hiyo chokaa ni unga wa kupeperuka au ina chenga? Chakula unaweka saa ngapi? Na maji unatoa wapi, tenki limekaa juani au kivulini?

Nimesomea fiziolojia ya ndege, yaani jinsi mwili wao unavyofanya kazi, pale SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro na sasa nazunguka kwenye mabanda ya watu. Siuzi dawa, kwa hiyo usiogope.

MzeeWaTrei

Asante mkuu BwanaFirigisi. Hayajakunjamana, ute uko sawa, unasimama. Idadi imeshuka kidogo, si kwa kutisha. Mdondo nachanja kila miezi mitatu, hawakoromi. Dawa: Desemba mwanzoni niliona kinyesi chenye damu kwa kuku wachache nikawapa dawa ya koksi (ugonjwa wa kuhara damu), ya kundi la sulfa, siku tano. Chokaa ni unga mtupu, mweupe. Chakula naweka saa moja asubuhi, naongeza saa nane mchana. Tenki ni lile jeusi, liko juu ya mnara, jua lote lake. Maji ni ya kisima.

BwanaFirigisi

Sawa. Kaa vizuri, hii ni ndefu.

Yai halitengenezwi asubuhi unapolikuta. Kuku akishataga, baada ya nusu saa hivi kiini kingine kinadondoka kwenye mrija wa mayai. Ute unachukua kama saa tatu kufungwa, utando wa ndani ya ganda saa moja na ushei, halafu yai linaingia kwenye tezi ya ganda na kukaa humo karibu saa 20. Kwa kuku aliyetaga saa mbili asubuhi, kazi nzito ya kupiga plasta inaanza jioni na inaendelea usiku kucha, kuku yuko juu ya kichanja, gizani, hali chochote.

Sasa hesabu. Ganda moja lina kalsiamu kama gramu 2.2. Kuku wa mayai 300 kwa mwaka anatoa zaidi ya gramu 650 za kalsiamu, na mifupa yake yote ina kama gramu 20. Yaani kila mwaka anajenga na kubomoa nyumba yake zaidi ya mara 30. Ganda likiwa linajengwa kwa kasi, kalsiamu yote iliyomo kwenye damu ingekwisha ndani ya robo saa hivi kama isingekuwa inajazwa muda wote. Inajazwa kutoka sehemu mbili tu: utumbo, na mifupa.

Mifupa hiyo si ile ya kawaida. Mtetea anapokaribia kutaga, homoni ya estrojeni inamfanya ajaze ndani ya mifupa mirefu, penye uboho, aina ya mfupa laini wa akiba ambao jogoo hana. Ndio ghala lake la usiku. (Kwa wanaopenda mambo ya kale: mwaka 2005 Mary Schweitzer na wenzake walitangaza kuuona mfupa kama huo kwenye paja la dinosaria aina ya Tyrannosaurus rex aliyechimbwa Montana, Marekani, wakasema huyu alikuwa jike na alikuwa kwenye kutaga. Kwa hiyo mzee, tatizo lako lina ukoo mkubwa.)

Mwaka 1949 Comar na Driggers walilisha kuku kalsiamu yenye mionzi ili waifuate inakokwenda. Sehemu kubwa ya kalsiamu ya ganda ilitoka kwenye chakula, na iliyobaki, si haba, ilitoka mifupani. Chakula kikiisha utumboni mapema, mifupa ndiyo inabeba mzigo.

Hapo ndipo unga wako unapokuangusha. Chokaa ya unga inayeyuka haraka na kupita. Uliyowapa saa moja asubuhi, ikifika saa nne usiku imeshatoka na kinyesi. Chenga za milimita 2 hadi 4 zinakwama kwenye firigisi na kuyeyuka polepole usiku. Ni kama mkaa na karatasi, vyote vinawaka, ila ugali huwezi kuupikia karatasi.

Na ukiongeza unga mwingi, chakula kinakuwa vumbi, kuku wanakikataa. Hiyo kilo 38 umechangia mwenyewe.

BosiWaPumba

Kwa hiyo nilichosema mimi ni kilekile, kalsiamu. Umeandika kitabu kumbe jibu ni neno moja.

BwanaFirigisi

Bosi, subiri, sijamaliza. Na DCP sijaigusa.

DCP inanunuliwa kwa ajili ya fosforasi. Kalsiamu iliyomo ni kama asilimia 24, chokaa nzuri ina kama 38, na bei unazijua mwenyewe. Halafu usiku kuku anapobomoa mifupa ya akiba, kalsiamu inatoka pamoja na fosforasi, na hiyo fosforasi ganda halina kazi nayo, lazima aitoe mwilini. Ukimjazia nyingine kwenye chakula, fosforasi inapanda kwenye damu na kumzuia asibomoe akiba yake vizuri. Kwa hiyo DCP ya ziada inaharibu ganda, na wewe umelipia.

MamaVifaranga

Eeh! Na mimi nilikuwa naongeza. Mungu anisamehe.

KukuThika

Wadau, salamu kutoka Thika. Huku kwetu baridi ipo lakini hata sisi Februari mayai hupasuka kwa kreti. Swali langu: mbona joto? Kama ni kalsiamu tu, joto linaingiaje? Mimi hulisha chakula cha kiwanda, sichanganyi, na bado hutokea.

BwanaFirigisi

Ndugu wa Thika umegusa penyewe. Ganda ni kalsiamu kaboneti. Hiyo kalsiamu ni nusu ya habari. Kaboneti inatoka wapi? Inatoka kwenye hewa ukaa, ileile anayoitoa kwa pumzi. Kwenye tezi ya ganda kuna kimeng'enya kinaitwa kaboniki anhidrasi, kina madini ya zinki ndani yake, kinachukua hewa ukaa na maji na kutengeneza bikaboneti ya kujengea ganda.

Kuku hana jasho. Mwili wake una nyuzi 41 hivi, na hewa ya bandani ikipita 30 njia pekee ya maana iliyobaki ni kuhema, mdomo wazi, mabawa yameachana. Kila anapohema anatupa hewa ukaa. Damu inakosa hewa ukaa, bikaboneti inashuka, na tezi ya ganda inabaki na saruji bila maji. Pia sehemu ya kalsiamu iliyo huru kwenye damu inapungua damu ikishakuwa na ualkali mwingi. Hata umwage gunia la chokaa, fundi hana cha kuchanganyia.

Mfaransa mmoja, Pierre Mongin wa kituo cha Nouzilly karibu na Tours, ndiye aliyelieleza vizuri suala hili la asidi na alkali kwenye ganda, mwaka 1968. Yeye na Sauveur pia walionyesha mwaka 1974 kwamba ukimwekea kuku chembe za kalsiamu pembeni ajichagulie, anazitafuta zaidi jioni. Kuku anajua ratiba yake kuliko sisi.

Kuchi_Mweusi

Kwa hiyo tuwape soda ya chupa, ina hewa ukaa kibao 😂 Nanunua kreti mbili sasa hivi.

BwanaFirigisi

Unacheka, lakini ilifanyika kweli! Odom, Harrison na Darre waliripoti mwaka 1985 kwenye jarida la Poultry Science: kuku waliokuwa kwenye joto kali walipewa maji yenye hewa ukaa, yaani maji ya soda bila sukari, na ganda likawa bora kuliko la waliopewa maji ya bomba. Gharama ndiyo tatizo, si sayansi. Tafadhali usiwape ya sukari.

KukuThika

Na magadi je? Nimesikia watu huweka.

BwanaFirigisi

Hapana. Magadi ya kuchimbwa ziwani hayana kipimo, na yanakuja na floridi nyingi. Inayozungumzwa kwenye utafiti ni bikaboneti ya sodiamu safi, ile nyeupe laini ya kuokea keki. Inaingia kwenye chakula mahali pa sehemu ya chumvi ya kawaida, ili kuku apate sodiamu bila kloridi. Lakini ina sharti lake. David Balnave wa Chuo Kikuu cha Sydney alionyesha mwaka 1997 kwamba inasaidia kwenye joto pale kuku anapopata nafasi ya kula wakati ganda linajengwa, yaani usiku. Ukiiweka asubuhi halafu ukazima taa saa moja jioni, usitegemee kitu.

DadaKombe

Samahani naingilia, mimi ni wa Pemba. Sisi tunatwanga makombe na makome ya pwani, tunapepeta vumbi, tunawawekea kuku zile chenga kwenye kifuu pembeni. Bibi alikuwa anafanya hivyo na hakwenda Sydney. Inafaa au tunajidanganya?

BwanaFirigisi

Dada, bibi alikuwa sahihi kabisa. Kombe ni kalsiamu kaboneti tupu, na chenga ndiyo inayotakiwa. Osheni tu chumvi ya bahari kwanza, yaanikeni, ndipo mtwange. Na mkiweka pembeni, kila kuku anachukua anachohitaji, anayetaga kesho anakula nyingi, asiyetaga anapita.

BosiWaPumba

Bibi yangu mimi hakuweka hata hiyo kombe na mayai yalikuwa magumu kama jiwe.

BwanaFirigisi

Kuku wa bibi yako alitaga mayai kumi na kitu akaatamia, akalea vifaranga, akapumzika. Mwaka mzima mayai 40 hadi 60. Ana muda wa kujaza ghala. Huyu wa mzee hapumziki.

MzeeWaTrei

Wakuu nasoma kwa makini, nimechukua na daftari. Swali: ile dawa ya koksi imehusika?

DktNgozi

Naomba hapo nijibu mimi, ni daktari wa mifugo. Sulfa na ganda wana historia ndefu. Mwaka 1944 Benesch na wenzake waliandika kwenye jarida la Nature kwamba sulfanilamidi, sulfa ya zamani, inazuia kile kimeng'enya alichokitaja BwanaFirigisi, na kuku wakataga mayai bila ganda. Lakini sulfa za kutibu koksi zinazouzwa leo nyingi muundo wake ni tofauti, kukizuia kimeng'enya hicho si tabia yake kubwa. Siku tano za Desemba mwanzoni haziwezi kueleza tatizo la wiki sita. Kinachoniudhi ni kingine: mayai ya siku zile za dawa yalikwenda wapi? Sulfa inatoka kwenye yai. Soma kipindi cha kusubiri kwenye lebo, na kama lebo inasema isitumike kwa kuku wanaotaga, basi isitumike. Na damu kwenye kinyesi cha kuku wa mwaka mzima pima kwanza, si kila damu ni koksi.

Kuhusu magonjwa nakubaliana: mafua ya bronkaitisi yangekuachia ute wa maji na ganda la makunyanzi. Kuna pia virusi vilivyoripotiwa mara ya kwanza Uholanzi mwaka 1976, kuku anaonekana mzima lakini anataga mayai yasiyo na ganda. Huko idadi inaporomoka kwa kishindo, na kwako haijaporomoka.

MzeeWaTrei

Daktari, mayai yaliuzwa. Sitakudanganya. Nimekosa.

BwanaFirigisi

Mzee, turudi kwenye kitu ulichokipitia haraka. Ulisema maji ni ya kisima. Kigamboni. Kisima hicho cha lini?

MzeeWaTrei

Nilichimba Novemba mwishoni. Kabla ya hapo nilikuwa nanunua maji ya boza, yakawa yananila. Kisima kina maji mengi, ila yana munyu kidogo. Chai ukipika inajulikana. Kuku lakini wanakunywa bila shida, tena wanakunywa sana.

Kuchi_Mweusi

Heeee. Novemba mwishoni kisima, Desemba mayai.

BwanaFirigisi

Ndiyo. Ningekuwa nimeanza na hilo nisingeandika nusu ya niliyoandika, ila si hasara.

Sikilizeni, hili wafugaji wa pwani wengi hawalijui. Mwaka 1987 Balnave huyohuyo na Yoselewitz, kwenye jarida la British Journal of Nutrition, waliwapa kuku maji yenye chumvi ya viwango mbalimbali. Hata kiasi kidogo, miligramu mia chache kwa lita, kiliongeza kasoro za ganda, na kadiri chumvi ilivyopanda ndivyo mayai mabovu yalivyoongezeka. Kuku hawakuugua. Waliendelea kula, kunywa na kutaga. Mkulima ukiwatazama huoni kitu, na ulimi wako wa mtu mzima chumvi ya kiasi hicho unaweza usiishtukie. Wewe umeshaisikia kwenye chai, kwa hiyo imezidi.

Cha ajabu, chumvi hiyohiyo ikiwa kwenye chakula haileti madhara hayo. Ni ya kwenye maji. Na walipofuatilia ndani ya tezi ya ganda walikuta palepale tulipokuwa tunapazungumzia: bikaboneti inayofika kwenye ganda imepungua, kimeng'enya kile kazi yake imeshuka. Kwa hiyo mzee kuku wako wamebanwa pande mbili. Joto linawatoa hewa ukaa mdomoni, chumvi inamfunga fundi mikono. Halafu kwa kuwa ni joto wanakunywa mara mbili ya kawaida, yaani chumvi mara mbili.



KukuThika

Hapa nimenyamaza. Kisima changu kesho napima.

MamaVifaranga

Na anapimaje mtu wa kawaida?

DktNgozi

Mama, sampuli ya maji peleka maabara ya maji, waambie wapime kloridi na sodiamu, si vijidudu peke yake. Kuna vile vipimo vidogo vya kushika mkononi vinavyoonyesha jumla ya madini yaliyoyeyuka, vinakupa picha ya haraka, ila havikwambii ni chumvi ya mezani au ni madini mengine. Maji magumu yenye kalsiamu na maji ya munyu ni vitu viwili tofauti ingawa yote yanaacha ukoko kwenye birika.

BosiWaPumba

Sawa, nimekubali kwa leo. Sasa mwambieni mtu afanye nini, asije akalala na njaa ya nadharia.

BwanaFirigisi

Maji kwanza. Kuku warudi kwenye boza, au uvune ya mvua masika yakija, kisima kitumike kuoshea na kumwagilia. Tenki lisogezwe chini ya kivuli au lifunikwe makuti, kuku akipewa maji ya moto hanywi vya kutosha na asipokunywa hali.

DCP rudi kwenye kipimo cha zamani. Chokaa, punguza unga, zaidi ya nusu iwe chenga, na kila siku saa kumi jioni weka chombo cha chenga pembeni. Ukikosa chenga, fuata ya dada wa Pemba, pwani unayo hapo. Lakini angalia unachouziwa. Chukua kijiko, mimina siki. Chokaa ya mifugo inatoa mapovu na kuyeyuka polepole, mchanga unabaki chini unakutazama. Ile ya kupaka ukutani iliyokwisha kuzimwa haitoi mapovu ya maana na inaunguza, isikaribie chakula. Na mawe ya dolomiti yenye magnesiamu nyingi hayafai kwa kuku wa mayai hata kama ni rahisi.

Chakula hamisha: alfajiri saa kumi na moja kabla jua halijatoka, kisha jioni kuanzia saa kumi. Mchana wa joto usiwasukume kula, usagaji wenyewe unaongeza joto mwilini. Na kama una umeme, washa taa saa sita usiku kwa saa moja. Watashuka, watakula, watakunywa, watarudi kulala. Hiyo saa moja inaingia katikati kabisa ya kazi ya ganda.

Vitamini C nayo imo. Balnave na wenzake waliiweka kwenye chakula cha kuku wanaokunywa maji ya chumvi na ganda halikuharibika kama la wenzao. Zinki pia ilisaidia, na ukikumbuka kimeng'enya kina zinki ndani unaelewa kwa nini. Lakini hizo ni za mtu asiye na maji mengine. Wewe una boza.

Kitu kimoja sitaki nikufiche. Kwenye zile tafiti kuna kuku ambao hata baada ya kurudishiwa maji yasiyo na chumvi ganda lao halikurudi lilivyokuwa. Na kuku wako wana wiki 54, yai limekuwa kubwa na kalsiamu ni ileile, ganda lazima liwe jembamba kuliko la wiki ya 30.

DadaKombe

Allah akufanyie wepesi kaka. Ukija Pemba makombe nakupa bure.

MzeeWaTrei

(siku 24 baadaye)

Wakuu nimerudi. Wengi mmenitumia ujumbe pembeni, naona bora nijibu hapa.

Maji nilirudisha boza siku ileile, nilikopa. Kisima nilipeleka maabara, kloridi iko juu sana, mhudumu akaniuliza kama nimechota baharini. Tenki nimelijengea kibanda cha makuti. Chokaa ya chenga nilikosa kwa wiki ya kwanza, nikatwanga kombe, wanangu wakapata kazi ya likizo. Chombo cha pembeni nakiweka saa kumi, na ni kweli, mchana hawakiangalii, ikifika saa kumi na moja jioni wanapangana kama watu wa mwendokasi. Hilo limenishangaza kuliko yote.

Wiki ya kwanza sikuona tofauti, nikataka kuja kuwatukana. Wiki ya pili mayai yasiyo na ganda yakaanza kupungua. Sasa hivi kwa siku naokota matano, sita, kuna siku matatu. Mayai ya ganda jembamba bado yapo, si kama mwanzo. Chakula wamerudi kilo 45. Taa ya usiku niliwasha siku nne, mke wangu akasema tumekuwa tunalala na disko, sasa nimeweka ya kujizima yenyewe.

Muuza chipsi bado anagonga. Ila amepunguza.

Nimegundua pia kuna kuku kama kumi hivi, nimewatia rangi mguuni, hao ndio wanaotoa mabovu karibu yote. Wawili wanakaa sana, ukiwainua wanaanguka ubavu. Hao vipi?

BwanaFirigisi

Hao wawili wametumia ghala mpaka ukutani, mifupa imeisha. Watenge leo, wape maji, chakula na chenga karibu na mdomo, wasigombanie na wenzao. Wengine wanasimama baada ya siku chache za kupumzika kutaga. Ukishika mfupa wa kifua ukakuta umepinda na mguu ni laini, usiwarudishe. Wale wanane wengine nadhani ni wale ambao ganda halitarudi, nilikuambia. Wape wiki mbili halafu uamue kama ni wa trei au wa supu.

DktNgozi

Supu sawa, mradi hawakupewa dawa nyingine tena bila mimi kujua.

MzeeWaTrei

Hawajapewa, daktari. Naapa.

KukuThika

Yangu nimepima. Kisima kiko sawa. Kumbe mimi shida ni bati, banda halina dari na hewa haipiti. Nafungua uzi wangu kesho, msinikimbie.

Kuchi_Mweusi

Na ile kreti yangu ya soda nani ananunua?